Kwanza Bikoni, Zege Baadaye

Hotuba ya mpima ardhi mstaafu kwa wakazi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, kuhusu njia ya miguu na baiskeli ya kuunganisha viwanja na maeneo ya wazi ya mji

Mtwara kuchele!

Asanteni. Wazee wangu, shikamooni. Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, walimu, mama zangu mliokuja na watoto mgongoni, wanangu wa bodaboda mliosimama pale chini ya mwembe kwa kuwa viti vimekwisha, nawasalimu kila mmoja kwa salamu ya imani yake.

Nimeombwa nizungumzie njia. Barabara za magari zina wasemaji wengi, nami sitazigusa ila pale zinapotukata. Ninayoisemea ni njia ya miguu na baiskeli, pana ya kutosha watu kupishana, ianzie ufukweni Shangani, ipite kwenye viwanja vyetu, Mashujaa, Nangwanda Sijaona, viwanja vya shule, vipande vya wazi vilivyobaki kwenye kata, kisha ielekee Mikindani hadi pale Boma, lile jengo la kale la Wajerumani. Ijengwe kwa fedha ya umma, itunzwe kwa fedha ya umma, na kila mtu apite bila kulipa na bila kuulizwa anakwenda wapi.

Wiki iliyopita nilikwenda kukaa nyuma ya shule moja ya msingi hapa mjini. Kuna kijia pale ambacho hakimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuishika. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikakaa kwenye mzizi wa mwembe. Wa kwanza kupita alikuwa mama mwenye beseni la ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoila, kichwani, anawahi stendi. Wakafuata watoto wa shule, viatu mkononi, maana mchanga ukiingia kwenye kiatu unakaa nao darasani mpaka mchana. Akaja baba mwenye baiskeli, ndoo mbili za samaki zimefungwa kwenye keria kwa mipira. Hakuwa ameipanda, alikuwa anaisukuma. Nikamwuliza kulikoni. Akasema, "Mchanga huu, mzee wangu, nikipanda namwaga samaki."

Wa mwisho kabla jua halijawa kali alikuwa kijana kwenye kitimwendo. Sijui kama mmewahi kutazama kwa makini kitimwendo kikiingia kwenye mchanga. Yale magurudumu madogo ya mbele hugeuka ubavu na kuzama, kama jembe linavyozama shambani. Ukisukuma kwa nguvu, yanazama zaidi. Kijana alikuwa anaijua dawa yake. Alikigeuza kiti, akawa anakivuta kinyumenyume, magurudumu makubwa yametangulia, uso wake ukitazama alikotoka. Akaenda hivyo mpaka katikati ya kijia, mikono ikitetemeka. Mtoto mmoja wa shule akatoka kwenye kundi la wenzake, akashika mgongo wa kiti na kuvuta. Hawakusemezana. Ilionekana wazi kuwa ni kazi yao ya kila siku.

Hiyo ndiyo njia ninayoitaka, na mnaona kwamba tayari ipo. Watu wameshaichora kwa nyayo zao, tena wameichora vizuri kuliko mtaalamu yeyote, kwa sababu mwenye beseni kichwani hapotezi hata hatua moja. Kilichobaki ni sisi kuifuata, kuipima na kuilinda. Na hapo kwenye kuilinda ndipo nataka tukae sana, kwa sababu nilishaona kinachotokea tusipolinda.

Nimefanya kazi ya upimaji kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika mji mmoja tulipima viwanja vya makazi, na katikati yake tukaacha eneo la wazi kwa ajili ya watoto. Kwenye mchoro wa mipango miji nililipaka rangi ya kijani kwa mkono wangu mwenyewe. Viwanja vya watu tulivipa namba na kusimika bikoni, zile alama za mpaka, kila kona. Lile eneo la wazi hatukulisimikia kitu. Ilisemwa kwamba fedha ya mradi imeisha, na kwamba eneo lile halina mwenyewe wa kuja kulalamika. Nilikubali, nikafunga vifaa vyangu, nikaondoka.

Niliporudi miaka mingi baadaye nilikuta nyumba, banda la kuchomelea vyuma na ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Nilipobisha hodi nikaonyeshwa karatasi. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake na kila mmoja alikuwa amemlipa mtu. Watoto nilikuta wanacheza mpira barabarani, mmoja amepewa kazi ya kusimama pembeni na kupiga mluzi gari likija. Nimekaa na jambo hilo moyoni mpaka leo. Rangi ya kijani kwenye karatasi haizuii msingi wa nyumba kuchimbwa. Bikoni yenye namba, ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na hatimiliki kwa jina la Halmashauri, hivyo vitatu ndivyo vinavyozuia. Ndiyo maana nikialikwa mahali popote nasema kwanza bikoni, zege baadaye.

Hapa Mtwara hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Wazee mnaikumbuka reli. Waingereza walipoanzisha ule mpango mkubwa wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikawa moja ya mashamba yake, ikajengwa reli na ikajengwa bandari yetu ya kina kirefu. Mpango wenyewe ulitupwa mwaka 1951. Reli iliendelea kwa muda, lakini mizigo haikutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Leo tuna kata inaitwa Reli na hatuna reli. Jina limebaki, ardhi ya njia yenyewe imemezwa kipande kwa kipande, kwa sababu chuma kilipoondoka hakuna aliyebaki na jukumu la kusema kwamba huu ni ukanda mmoja na usikatwe. Fikirini kama ukanda ule ungehifadhiwa. Njia ya treni haina mlima mkali, haina kona za ghafla, na inakwenda mbali bila kukatika. Ndiyo ardhi bora kuliko zote kwa mtu wa miguu na mtu wa baiskeli.

Wenzetu wa Atlanta, kule Marekani, walikuwa na reli chakavu zilizouzunguka mji wao. Mwaka 1999 mwanafunzi mmoja wa chuo, Ryan Gravel, aliandika tasnifu akipendekeza zitumike kuunganisha mitaa. Wazo likabebwa na wananchi mpaka likawa mradi wa umma wa mzunguko wa kilomita 35 hivi, na viwanja vya kupumzikia vimepangwa kando yake. Ninawasifu. Lakini kuna upande wa pili, na wana Mtwara mnapaswa kuusikia leo, kabla ya jiwe la msingi. Njia ilipopendeza, nyumba za kando yake zikapanda bei. Waliokuwa wamevumilia kuishi pembeni ya reli mbovu wakashindwa kodi, wakahama, na uzuri ukawakuta wengine. Kwa hiyo nikisema tupime, nina maana tupime na viwanja vya majirani pia, wapate hati zao mapema, kabla bei haijapanda na kabla mtu wa mbali hajaja na mkoba wa fedha kumshawishi bibi auze kwa haraka.

Jijini Nairobi mwaka 1989 walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru. Mwanamazingira Wangari Maathai akasimama akapinga, akatukanwa, na jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye akautetea msitu wa Karura uliokuwa unagawiwa kwa wajenzi, akapigwa akiwa huko. Leo Karura ina njia ndefu za miguu na baiskeli chini ya miti, na Mama yule alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Karura mtu hulipa kiingilio langoni. Sisi tusiweke lango. Mama wa ming'oko hawezi kulipa kiingilio kila asubuhi ili awahi stendi.

Mfano unaofanana na sisi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Singapore. Ni nchi yenye ardhi ndogo kabisa, wangeweza kusema hawana nafasi. Kuanzia miaka ya 1990 walitazama kingo za mifereji ya maji ya mvua na kando za barabara, ardhi ambayo tayari ilikuwa ya serikali na haikuwa na kazi nyingine, wakaanza kupitisha njia humo, bustani hii mpaka bustani ile. Sasa mtandao wao umepita kilomita 300. Hawakuanza kwa kubomoa. Walianza na ardhi ambayo kila mtu alikuwa anaiona na hakuna aliyekuwa anaitazama.

Hiyo tunayo. Tuna mifereji. Tuna hifadhi za barabara. Neno hifadhi ya barabara linatutia baridi, najua, kwa sababu tunazikumbuka alama za X kwenye kuta za nyumba za kubomolewa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka mita 30 kila upande wa barabara kuu, na walioumia waliumia. Basi angalau ardhi hiyo iliyokwisha kutengwa ifanye kazi ya watu. Kutoka mjini mpaka Mikindani ni kilomita kama 10, na barabara ile sasa siyo ile ya zamani. Bandari imeongezewa gati la mita 300, malori ya makaa ya mawe yanashuka kutoka Ruvuma, msimu wa korosho nao una malori yake. Ni riziki ya mkoa na hatuipingi. Ila mwanafunzi anayeendesha baiskeli kando ya lori lenye tela, akipigwa na ule upepo wake, hana pa kwenda ila kwenye vichaka. Mzazi aliyewahi kumsubiri mtoto jioni na mtoto akachelewa anajua ninachosema. Ndani ya hizo mita 30, mbali na lami, upande wa pili wa mtaro, njia inaingia. Anayeilinda hifadhi hiyo ni TANROADS, wakala wa barabara kuu, kwa hiyo barua ya Manispaa iende kwao mapema, siyo baada ya mkandarasi kupatikana.

Sasa niseme jinsi ya kuijenga, kwa sababu njia nyingi nzuri huuawa na ujenzi.

Upana usipungue mita 3. Chini ya hapo mwenye baiskeli na mwenye mtoto mkononi hawawezi kupishana bila mmoja kuruka nje. Mteremko usizidi mita 1 kwa kila mita 20, ili mtu wa kitimwendo apande kwa mikono yake mwenyewe. Penye mlima zaidi ya huo, njia izunguke. Ikiwa ndefu kidogo si hasara.

Udongo wetu ni kichanga, na mvua yetu huja kwa mkupuo mmoja, kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Aprili. Ukimwaga kifusi na kukishindilia bila kingo, mvua ya kwanza inakata mfereji katikati na ya pili inakuachia korongo. Mimi napendelea vitofali vya zege. Kwa miguu na baiskeli vya unene wa sentimita 6 vinatosha, na vinaweza kufyatuliwa na vijana wa hapahapa mtaani. Watu wa maji, MTUWASA, wakitaka kupitisha bomba, vinang'olewa kwa mkono na kurudishwa, wakati zege la kumwaga likikatwa huacha kovu. Lakini vitofali bila mawe ya kingo yaliyofukiwa vizuri ni kazi bure: mchanga utatoroka pembeni, na baada ya msimu mmoja vitalegea kama meno ya mzee. Ukaguzi wa kwanza wa mwananchi uwe kwenye kingo. Chimbeni kidogo kwa mti, muone jiwe limefukiwa kiasi gani.

Watu huniuliza kama tutaimudu gharama wakati barabara zenyewe zina mashimo. Wahandisi wana kanuni moja ya zamani: mzigo kwenye ekseli ukizidi mara mbili, uharibifu wa barabara unazidi kama mara 16. Barabara ni ghali kwa sababu imejengwa kubeba lori. Tabaka za chini, kokoto, lami, vyote ni kwa ajili ya ile ekseli. Mtoto wa darasa la tatu na begi lake hahitaji tabaka hizo, na baiskeli ya muuza samaki haitachimba shimo katika maisha yake yote. Njia hii ikijengwa vizuri, adui zake ni maji na mizizi tu.

Na maji yenyewe tuyageuze rafiki. Njia ikifuata mtaro, fundi anapata pa kupita kusafisha, na mtaro unaoonekana na watu kila siku hauzibwi kwa takataka kirahisi kama ule uliojificha nyuma ya kuta. Miti nayo isiachwe iwe pambo la mwisho la mradi. Kwa jua la Mtwara, njia isiyo na kivuli itatumika kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni, kwingineko itakaa tupu. Panda mwarobaini, panda mwembe, ukiacha nafasi ya kutosha ili mizizi isinyanyue vitofali. Na mibuyu ya upande wa Mikindani isiguswe. Ile ilikuwapo Wajerumani walipojenga Boma mwaka 1895, na ilikuwapo David Livingstone alipopita mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Njia ikikutana na mbuyu, njia ndiyo ipinde.

Ufukweni kuna sheria, nayo ni nzuri kwetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wapo watakaoitumia kusema hata njia isipite. Mimi naisoma kinyume: ukanda huo ndio ambao haupaswi kuwekewa ukuta wa mtu, na mahali ambapo umma unapita kila siku, ukuta unapata taabu kusimama. Ila tuwe waangalifu. Hapo pasimwagwe zege. Udongo ulioshindiliwa unatosha, na penye mikoko iwe njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, maji yajae na kupwa chini yake, mkandaa na mchu visikatwe hata mmoja. Wataalamu wa mazingira na wa misitu waje waone kabla, watembezwe kwa miguu.

Wanangu wa bodaboda, nageuka kwenu. Najua hili ndilo linalosubiriwa pale chini ya mwembe. Pikipiki zisipite kwenye njia hii. Nasema wazi ili kesho asije mtu akasema alidanganywa. Lakini nakiri tatizo lenyewe ni gumu: nguzo zozote utakazosimika mwanzoni mwa njia, nafasi ambayo kitimwendo kinapita, pikipiki nayo inapita. Hakuna chuma duniani kinachoweza kuwatenganisha hao wawili. Nimeona miji iliyoweka vizuizi vya kubana, pikipiki zikapita kwa ujanja na walemavu wakabaki nje. Tusifanye ukatili huo. Kitakachozuia ni sheria ndogo ya Halmashauri na makubaliano yenu ninyi wenyewe, kijiwe kwa kijiwe. Na mna haki ya kudai kitu: kila njia inapokatana na barabara, pawe na kijiwe kilichojengwa, chenye paa na kivuli. Abiria wenu watatoka humo. Mama akishuka na mzigo kutoka Mikindani, miguu imechoka, wa kwanza kumwona ni ninyi. Guta la kukanyaga lipite, mkokoteni upite. Toyo, lile guta la injini, hapana.

Usalama wa wanawake niliuzungumza na mama zangu wawili kabla ya leo, na nitawasemea kama walivyonisemea. Hawakutaja taa kwanza, ingawa taa zinatakiwa. Walitaja kuta. Njia inayopita kati ya kuta mbili ndefu, walisema, hata ikiwa na taa ni mtego, kwa sababu ukipiga kelele hakuna anayeona. Wanataka nyumba zitazame njia, milango ifungukie njia, pawe na baraza, pawe na muuza kahawa, pawe na wazee wanaocheza bao mpaka magharibi. Niliandika yote. Kwa hiyo kila mita mia kadhaa pawe na baraza la saruji chini ya mti, lenye mashimo ya bao yaliyochongwa palepale, na sehemu iliyotengwa kwa kina mama wa ming'oko na matunda ili wasifukuzwe na mtu yeyote. Mzee anayecheza bao anaona kila kinachopita.

Fedha. Mimi sitaki njia hii iwe zawadi ya kampuni, na sitaki iwe ya mfadhili peke yake. Zawadi ina mwenyewe. Mwaka mmoja anaitoa, mwaka mwingine anataka jina lake kwenye lango, na penye lango siku moja huja mlinzi. Fedha ya umma ina kelele na ina foleni, lakini inakupa haki ya kuuliza. Mji wetu ulikuwa miongoni mwa miji saba ya ule mradi wa kuendeleza miji kimkakati ulioanza mwaka 2010, na mradi wa sasa wa kuendeleza miji, TACTIC, unagusa miji 45. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ipo tangu 2017. Njia za kuingizia ombi zipo. Kinachohitajika ni ombi lenyewe liandikwe na mkutano wa mtaa, lipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, lifike Baraza la Madiwani likiwa na ramani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na ombi linalofika Mei limeshachelewa sana. Waheshimiwa madiwani mlioko hapa, ninawaomba kwa heshima: mwaka wa kwanza msiombe fedha ya ujenzi. Ombeni fedha ya upimaji, bikoni na hati. Ni kiasi kidogo, hakina utepe wa kukata wala hakina picha, na ndicho kitakachoamua kama wajukuu zetu watakuwa na njia.

Matengenezo yawe na kasma yake kwenye bajeti tangu siku njia inapozinduliwa. Kufagia mchanga, kuzibua mtaro, kurudisha kitofali kilichong'oka, ni kazi ndogo zinazotaka mtu wa kila siku. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi hivyo vikope vifaa, kisha vipewe mkataba wa kutunza vipande vya njia, kila kikundi na kipande chake, na jina la kikundi liandikwe pale pale. Msaragambo ni mzuri, nimeshiriki tangu utoto, lakini tusiwategemee watu kufanya bure kwa miaka ishirini kazi ambayo ni ajira ya mtu.

Mahali ambapo njia itagusa shamba au kiwanja cha mtu, fidia ilipwe kamili, ya haki na kwa wakati. Malipo yakichelewa kupita miezi 6, mwananchi anadai na riba. Msisaini karatasi ambayo hamjasomewa. Na nawaambia wataalamu wenzangu: palipo na kaburi, palipo na mti wa matambiko, palipo na kisima cha zamani, ulizeni wazee kabla hamjasimika chombo. Mara nyingi kupinda mita 5 kunamaliza ugomvi wa miaka mitano.

Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa viwanja vya Mashujaa. Nitakuja na futikamba ya mita 50, madaftari mawili na kopo la rangi nyeupe. Tutatembea mpaka Shangani tukifuata nyayo, na kila kipande tutaandika upana wake, nani anapita, nani ana ardhi pembeni, maji yanaelekea wapi. Nimemtafuta yule kijana wa kitimwendo, amekubali kuja. Yeye ndiye atakayetangulia, na kila atakapokwama tutasimama na kuweka alama. Walimu, naomba mniletee watoto wachache wanaokijua kile kijia cha nyuma ya shule. Kila mtu aje na kofia na maji ya kunywa. Mvua ikinyesha tutakwenda vilevile, maana siku ya mvua ndipo tutaona maji yanapita wapi.